Sukari ya asubuhi ikiwa juu na wewe ni mwembamba

Umelala sukari ikiwa 7, hukutia kitu mdomoni usiku kucha, kisha umeamka, ukapima, ukakuta 11 au 13. Wenye kisukari wengi wanaijua hali hii, na wengi huamua jambo lilelile: jana nilikula sana, leo nipunguze. Mtu mnene uamuzi huo unaweza kumfaa. Lakini wewe uliye mwembamba, ambaye nguo zinakupwaya na majirani wameanza kukuuliza kama unaumwa, kujinyima chakula kutakudhoofisha na huenda sukari ya asubuhi ikabaki palepale. Kabla hujapunguza ugali au kuongeza dawa, ni lazima ujue kilichotokea usiku. Kukijua kunagharimu stripu tisa na kuamka mara tatu.

Tuanze na namba zenyewe. Mashine nyingi za kupima sukari zinazotumika Afrika Mashariki husoma kwa kipimo kinachoandikwa mmol/L. Mtu mzima mwenye kisukari ambaye si mjamzito, kwa kawaida hulenga kuamka na sukari kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula. Wazee sana, na wale ambao sukari huwashuka ghafla, huwekewa lengo la juu kidogo na daktari wao. Mama mjamzito huwekewa la chini zaidi, na asisubiri makala yoyote. Aende kliniki wiki hii. Ikiwa mashine yako inaonyesha namba kubwa kama 130 au 250, inatumia kipimo kingine kiitwacho mg/dL. Gawanya namba hiyo kwa 18 utapata ile ya kwanza, kwa hiyo 180 ni sawa na 10. Asubuhi moja ya 9 baada ya kutoka harusini isikunyime raha. Ninachozungumzia hapa ni sukari inayoamka juu siku baada ya siku.

Inatoka wapi basi, kama hukula? Inatoka ndani ya mwili wako mwenyewe. Ini ni kama ghala: mchana huweka akiba ya sukari, usiku huitoa kidogokidogo ili ubongo na moyo vipate nguvu ukiwa umelala. Kuanzia saa tisa usiku hivi mpaka saa mbili asubuhi, mwili hujiandaa kuamka. Homoni, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe mwilini, huongezeka katika damu na kulihimiza ini litoe akiba zaidi. Jambo hili hutokea kwa kila binadamu, awe na kisukari au asiwe nacho. Tofauti ni kwamba kwa asiye na kisukari, kongosho, yaani kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, huongeza insulini kidogo na sukari hutulia. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli, na ndiyo inayolizuia ini lisitoe akiba kupita kiasi. Isipotosha, sukari ya alfajiri inapanda ingawa hujala chochote.

Hapo ndipo wembamba wako unapokuwa na maana. Watu wanene wengi wenye kisukari wanayo insulini, tena nyingi, ila mwili hauitikii vizuri. Wakipungua kilo, mwili huanza kuitikia. Kwa mtu mwembamba tatizo mara nyingi ni lingine: insulini yenyewe ni chache. Inaweza kuwa kisukari aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili imeharibu chembe zinazotengeneza insulini. Aina hii si ya watoto peke yao. Kwa watu wazima huweza kuja polepole, mgonjwa akaambiwa ana aina ya pili, akatumia vidonge mwaka au miaka kadhaa vikiwa vinasaidia, kisha vikaacha kusaidia. Wapo wembamba wenye aina ya pili yenyewe. Wapo walioharibikiwa na kongosho kwa sababu ya pombe au ugonjwa wa muda mrefu. Na wapo waliokosa lishe utotoni, pengine tangu tumboni mwa mama. Hawa wamehangaika sana na jina la ugonjwa wao: mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliweka kisukari kinachohusiana na utapiamlo kwenye orodha yake, mwaka 1999 kikaondolewa, na Aprili 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua tena kwa jina la kisukari aina ya tano.

Utajuaje kama wembamba wako ni wa kuangaliwa? Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 48 na urefu wa mita 1.65 anapata 17.6. Chini ya 18.5 ni uzito mdogo. Lakini hata ukiwa na 20 au 21, kama umepungua bila kukusudia, unakojoa mara kwa mara usiku na kiu haiishi, mwili wako unakueleza kwamba insulini haitoshi. Hilo halitibiwi kwa njaa.

Sasa kazi yenyewe. Kwa usiku tatu, si lazima zifuatane, pima mara tatu: unapokwenda kulala, saa tisa usiku, na mara unapoamka kabla ya chai au kitu chochote. Tega simu ikuamshe hiyo saa tisa. Andika kwenye daftari namba hizo, saa uliyokula chakula cha jioni, ulikula nini na kiasi gani, dawa au insulini uliyotumia na saa yake, na kama siku hiyo ulifanya kazi nzito. Osha mikono kwa maji na sabuni ukaushe kabla ya kutoboa kidole, maana mtu aliyemenya embe na kupima bila kunawa anaweza kusoma sukari ya embe. Stripu zikae kwenye kichupa chake kilichofungwa vizuri, mbali na jua na mvuke wa jikoni, na utazame tarehe ya mwisho wa matumizi.

Stripu tisa ni sehemu ndogo ya boksi, kwa kuwa maboksi mengi huwa na stripu 25 au 50. Kama bado huna mashine, neno moja kabla hujanunua: uliza kwanza bei ya stripu, ndipo uulize bei ya mashine. Mashine utainunua mara moja, stripu utazinunua maisha yako yote, na stripu za mashine moja haziingii kwenye nyingine. Zunguka famasia mbili tatu ulinganishe, na hakikisha stripu hizo zinapatikana mjini kwako wakati wote. Kama fedha haipo kabisa, waombe kliniki wakuazime mashine kwa siku chache au wakuelekeze kwa kikundi cha wagonjwa kilicho karibu. Kisindano cha kutobolea kidole, hata hivyo, usimwazime mtu wala usiazime, awe mume au mke, kwa sababu ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Daftari likishajaa usiku tatu, lisome hivi. Kama unalala tayari uko juu, tuseme 12, ukaamka na 12 au 13, tatizo lilianza jioni: chakula, au dawa ya jioni isiyotosha. Kama unalala vizuri na saa tisa usiku bado uko vizuri, kisha unaamka juu, hiyo ni ile nguvu ya alfajiri niliyoieleza, au insulini ya jioni imeisha kabla hakujakucha. Kama namba inapanda tangu unapolala mpaka asubuhi bila kupumzika, insulini ya usiku haitoshi, au ulikula mlo mzito wenye mafuta mengi usiku sana na bado unaendelea kumeng'enywa.

Hali ya nne ndiyo ya hatari, nayo ni saa tisa usiku kukuta sukari iko chini ya 4. Zamani wagonjwa walifundishwa kwamba sukari ikishuka usiku mwili hujihami kwa kuipandisha, ndiyo maana asubuhi iko juu. Vipimo vya kisasa vinavyosoma sukari usiku kucha vimeonyesha kuwa aliyeshuka usiku mara nyingi huamka akiwa chini au kawaida. Lakini wapo wanaoshtuka usiku wakitetemeka, wakanywa soda nzima na mkate juu yake, wakaamka na 14. Vyovyote iwavyo, ukiongeza insulini kwa kutazama namba ya asubuhi peke yake, huku usiku ulishuka, unaweza kuzimia kitandani. Shuka zilizolowa jasho, ndoto za kutisha na kichwa kuuma unapoamka ni dalili za kushuka usiku. Ukizipata, pima saa tisa leo hii, na wasiliana na kliniki kesho.

Tuje kwenye chakula cha jioni, maana hapo ndipo penye mengi ambayo mtu anaweza kuyabadili mwenyewe. Familia nyingi hula saa tatu au saa nne usiku, mlo mkubwa kuliko yote ya siku, kisha kitanda. Jitahidi ule saa moja au saa mbili usiku, ili zipite saa mbili tatu kabla ya kulala. Sahani yako igawe kwa macho: nusu iwe mboga kama mchicha, matembele, sukuma wiki, bamia au kabichi, robo iwe kitoweo kama dagaa, samaki, kuku, mayai, maharage au choroko, robo iliyobaki iwe wanga, yaani ugali, wali, chapati, ndizi, viazi au muhogo. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako ni kiasi cha kuanzia.

Najua mwembamba atauliza: je, si nitazidi kukonda? Ndiyo, kama utaondoa ugali na usiweke kitu mahali pake. Kwa hiyo weka. Ongeza kitoweo, ongeza maharage, kula nusu ya parachichi, kiganja cha karanga, yai, bilauri ya maziwa mgando yasiyotiwa sukari. Vyakula hivi vinatia nguvu na kujenga mwili bila kuirusha sukari kama wali ulioujaza sahani, na dagaa, maharage na karanga ni miongoni mwa vyakula vya kujenga mwili vya bei nafuu sokoni. Kama mlo mmoja mkubwa unakushinda, kula milo midogo mara nne au tano kwa siku, ila ule wa mwisho usiwe wa usiku wa manane. Usiache chakula cha jioni ili uamke na namba nzuri. Kwa mtu aliyechoma insulini au kumeza vidonge vinavyosukuma kongosho, kulala na njaa ni kujitafutia kushuka.

Kuna imani mbili ninaomba tuziache. Ya kwanza ni kwamba ugali wa dona, mtama au ulezi hauna sukari, kwa hiyo ule utakavyo. Dona lina nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe na linashibisha, lakini wanga ni wanga. Kiasi bado kina maana, na uji wa ulezi mwepesi hupandisha sukari haraka kuliko watu wanavyodhani. Ya pili ni kwamba kinywaji si chakula. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari saa nne usiku, juisi ya miwa, soda, hata juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe, vyote vinaingia kwenye hesabu ya asubuhi. Kunywa maji, au chai isiyo na sukari.

Tahadhari kwa anayechoma insulini ya mchanganyiko jioni: usipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki. Dozi yako ilipangwa kwa chakula ulichokuwa ukila, na chakula kikipungua dozi ikabaki ileile, utashuka. Na kama kipimo cha kulala kiko karibu na 5 au chini yake, kula kitu kidogo kwanza, kwa mfano bilauri ya maziwa na kipande cha mkate.

Baada ya kula, usikimbilie kiti. Tembea dakika 15 au 20, hata kama ni kuzunguka uani kwa sababu mtaa si salama usiku. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Mwembamba ana sababu ya ziada ya kuijenga misuli, kwa kuwa anayo michache. Siku mbili tatu kwa wiki, kaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono. Inua dumu la lita tano lenye maji. Kama macho yako yameharibiwa na kisukari, au una kidonda mguuni, uliza kwanza. Mkulima na mbeba mizigo hawahitaji dumu. Wao waandike tu daftarini siku za kazi nzito, kwa sababu usiku wa siku hizo sukari inaweza kushuka.

Kwa wanaochoma insulini, saa ya kuchoma ina uzito sawa na dozi. Insulini yenye rangi ya maziwa inayotumiwa sana, kama Insulatard, hufanya kazi kwa nguvu zaidi kati ya saa ya 4 na ya 10 hivi baada ya kuichoma, kisha hufifia. Ukiichoma saa moja jioni, nguvu yake inakuwa usiku wa manane, wakati unapoihitaji kidogo, na alfajiri imeanza kuisha. Daktari akiihamishia saa nne usiku, kilele chake kinasogea kuelekea alfajiri, na mara nyingi hilo peke yake hubadilisha namba ya asubuhi bila kuongeza hata yuniti moja. Hiki ni kitu cha kwenda kuomba, na hakina gharama.

Lakini soma vizuri maandishi ya kichupa chako. Kama ni insulini ya mchanganyiko, mfano Mixtard, ndani yake kuna sehemu inayofanya kazi haraka ambayo ni lazima ikutane na chakula. Hiyo usiihamishe kwenda saa ya kulala hata siku moja. Anachoweza kufanya daktari ni kuitenganisha: ile ya haraka, isiyo na rangi, uichome kabla ya chakula cha jioni, na ile ya rangi ya maziwa uichome unapokwenda kulala. Zipo pia insulini za kisasa zinazodumu karibu siku nzima bila kilele kikubwa. Ni nzuri, ila bei yake ni ya juu na vituo vidogo vingi havinazo, kwa hiyo usikubali kuhamishiwa kabla hujajua utaipata wapi mwezi ujao.

Namna ya kuchoma nayo ina mambo yake kwa mwembamba, na naona haisemwi vya kutosha. Chini ya ngozi yako mafuta ni machache. Sindano ikiingia moja kwa moja inaweza kufika kwenye msuli, na insulini iliyochomwa kwenye msuli hufanya kazi haraka mno: inakushusha usiku, kisha inakuwa imeisha alfajiri. Finya ngozi kwa vidole viwili ili uinyanyue, na kama unatumia bomba la kawaida lenye sindano ndefu, ilaze kwa mshazari nusu ya kusimama. Sindano fupi za kalamu, za milimita 4, zinaingia wima, ila aliye mwembamba sana bado afinye. Choma tumboni, vidole viwili au zaidi mbali na kitovu, au pajani, na uhame kidogo kila siku. Papasa mahali unapochoma. Ukikuta uvimbe mgumu kama mafuta yaliyoganda, pumzisha sehemu hiyo kwa miezi kadhaa, kwa maana insulini ikichomwa hapo haiingii mwilini sawasawa. Ukihamia kwenye ngozi nzima pima mara nyingi zaidi na uwaeleze kliniki, kwa sababu dozi ileile inaweza kukushusha. Hakikisha pia kichupa na bomba vimeandikwa namba moja, U-100 kwa U-100.

Insulini ya rangi ya maziwa ibingirishe taratibu kati ya viganja mpaka ichanganyike, usiitikise kwa nguvu. Ikiwa na vipande visivyoyeyuka, itupe. Kichupa kilichofunguliwa hudumu wiki nne hivi mahali pa baridi. Asiye na friji atumie chungu: weka kichupa ndani ya chombo kikavu kinachofungika, chombo hicho ukiweke kwenye chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, na mchanga ulioloweshwa kati ya vyungu viwili, kivulini penye upepo. Insulini iliyoungua na joto la bati la nyumba au la gari inaweza kuonekana nzima kabisa na isishushe kitu. Iliyoganda barafu nayo imekufa.

Anayemeza vidonge aulize mambo matatu. Metifomini husaidia kulizuia ini usiku, lakini inaweza kupunguza hamu ya kula na uzito, kwa hiyo mwambie daktari kama unazidi kukonda. Glibenklamaidi husukuma kongosho litoe insulini, na inaweza kumshusha mtu usiku, hasa mzee au mwenye figo dhaifu. Dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kwa mkojo. Kwa mwembamba mwenye upungufu wa insulini zinaweza kuleta tindikali kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana, na tindikali hiyo huua. Dawa ya jirani usiionje, hata kama yeye imemfaa. Na dawa za mitishamba zisichukue nafasi ya insulini.

Mahali pa kwenda ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye kliniki ya kisukari, ambayo kwa kawaida ina siku yake maalumu ya wiki. Nenda na daftari, dawa zote, kichupa na bomba unalotumia. Mwambie daktari hivi: “Mimi ni mwembamba, sukari yangu inapanda alfajiri, hizi ni namba za saa tisa usiku. Je, nina insulini ya kutosha mwilini?” Swali hilo lina kipimo chake, kinachoitwa si-peptaidi, kinachoonyesha kongosho lako linatoa insulini kiasi gani. Kipo kingine cha kutazama kama kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia kongosho. Vyote viwili havipatikani kila mahali. Vitafute kwenye hospitali kubwa za rufaa na maabara za mijini, na uliza bei kabla hujatoa damu. Kama fedha haitoshi, usikate tamaa: daktari mzoefu anaweza kuamua kukuanzishia insulini kwa dalili zako, uzito wako na daftari lako. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, HbA1c, ni kizuri, ila kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kudanganya, mjulishe daktari.

Kuhusu malipo, uliza mapokezi bima yako inalipia nini: Tanzania ni NHIF au bima nyingine uliyonayo, Kenya ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024. Katika hospitali za umma za Tanzania, asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali aombe msamaha wa malipo, na aende na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Watoto na vijana wenye aina ya kwanza, nchi zote mbili, wana mpango uitwao Changing Diabetes in Children unaowapa insulini na vifaa bure kupitia kliniki maalumu. Ulizia ulipo kwenye hospitali ya mkoa au kaunti.

Ukiwa huko, kama una kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku, omba kupimwa kifua kikuu. Kisukari huongeza uwezekano wa kukipata, kifua kikuu hukondesha na kupandisha sukari, na vipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya umma. Jino bovu, maambukizi ya mkojo na kidonda navyo huipandisha. Anayetumia predinisoloni au dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi amwambie daktari pia, ila asiziache mwenyewe.

Na asubuhi hii hii, kama umeamka na 13? Kunywa maji, tumia dozi yako ya kawaida bila kuiongeza, kunywa chai yako isiyo na sukari pamoja na yai au maharage, na upime tena mchana. Ikiwa sukari imepita 14 na unatapika, tumbo linauma, unahema kwa kina au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Usiache insulini kwa sababu tu hujala.

Kinyume chake, ukishuka chini ya 4, kula au kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu bilauri ya soda yenye sukari, pima baada ya dakika 15, rudia kama bado, kisha kula kitu. Sukari hiyo ikae karibu na kitanda, na unayelala naye nyumba moja ajue ilipo. Akikukuta umepoteza fahamu asikutie kitu mdomoni. Akulaze ubavu na atafute gari la hospitali. Kila daktari anapobadili saa au dozi yako ya usiku, rudia kipimo cha saa tisa kwa usiku mbili tatu za mwanzo, na uziandike namba hizo kwenye daftari lilelile.